Wenye Fimbo na Wenye Kalamu katika Nchi ya Kasongo

Msafiri atokaye Kasongo kwenda Kabambare, akafika Salamabila penye machimbo ya dhahabu ya Namoya, anapita katika nchi iliyowaona mabwana wengi kwa muda mfupi. Katika miaka mia na hamsini hivi walitawala hapa Waungwana wa Pwani, kisha Dola ya mfalme Leopold, kisha serikali ya Wabelgiji, kisha Jamhuri, kisha Simba, kisha Mobutu, kisha Kabila, kisha watu wa RCD, na kando yao vikundi vya Mai-Mai. Kila mmoja alikuja na bunduki. Lakini wazee wetu wanajua jambo jingine: kila mmoja alikuja pia na maneno.

Maneno hayo yana kazi yake. Yanawaambia watu kwa nini huyu atawale na yule atii, kwa nini huyu alipe na yule apokee. Siku hizi huitwa itikadi. Mtawala asiye na itikadi hulazimika kumwekea kila mtu askari mlangoni, na hakuna mtawala mwenye askari wengi kiasi hicho. Akiwa nayo, watu hujilinda wao wenyewe kwa niaba yake.

Na maneno hayo hutungwa na watu wenye elimu: makarani, walimu, mashekhe, mapadre, waandishi wa magazeti, maprofesa. Kwa hiyo tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu jinsi fimbo na kalamu zilivyopatana katika nchi yetu, jinsi zilivyogombana, na ni nani aliyelipa. Wazazi wengi wa parokia zetu huuza mihogo, mpunga na dhahabu ili watoto wao wasome. Inafaa wajue elimu ile inaweza kutumwa kazi gani.

Ukoo wa Tippu Tip

Hamed bin Muhammad el Murjebi, ambaye watu wote wanamjua kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, na Kasongo ilikuwa makao yake makubwa tangu mwaka 1875 hivi. Alikuwa na bunduki nyingi. Lakini tukisoma habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe kwa Kiswahili, ambazo Mjerumani Heinrich Brode alizichapisha mwanzoni mwa karne ya 20, tunaona kwamba utawala wake mmoja mkubwa aliupata kwa hadithi.

Alipokuwa safarini alisikia kwamba katika nchi ya Utetera, upande wa mto Lomami, alikuwako mtawala mzee jina lake Kasongo Rushie, na kwamba zamani wanawake wawili wa ukoo wake walichukuliwa mateka na watu wa Urua. Tippu Tip akaliweka neno lile moyoni. Alipofika Utetera alisema kwamba mmoja wa wanawake wale ndiye bibi yake, mama aliyezaa ukoo wake. Mzee akampokea kama mjukuu aliyerudi nyumbani, akamkabidhi utawala. Watu wakatii, pembe zikaletwa. Katika nchi ambako undugu ndio sheria, mgeni alijifanya ndugu, na alichokuwa akikitafuta kwa baruti akakipata kwa neno.

Basi hapo tunaona mtu mmoja aliyekuwa na fimbo na kalamu pamoja. Lakini wafuasi wake nao walikuwa na itikadi yao, iliyokaa katika neno moja: uungwana. Aliyevaa kanzu, akasema Kiswahili, akafuata desturi za Pwani, huyo alihesabiwa mwungwana. Waliobaki waliitwa washenzi. Mtu aliyetekwa jana aliweza kesho kuwa askari wa bwana wake, akaenda kuteka wengine, na moyo wake usimsute, kwa kuwa yeye amekwisha kuwa mwungwana. Lugha ya Kingwana tuliyorithi imetoka katika siku zile. Ni lugha yetu na twaipenda. Wala hatuwahukumu ndugu zetu Waislamu wa leo kwa matendo ya wafanyabiashara wale, kwa maana wengi wao ni wajukuu wa hao hao waliotekwa. Lakini yatupasa kukumbuka kwamba neno zuri kama uungwana liliweza kufunika jambo baya kama minyororo.

Vita ya kukomesha utumwa

Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, kando ya Lualaba, watu wa wafanyabiashara waliwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza na kununua. Wengi walikufa mtoni. David Livingstone alikuwapo, akaona, akaandika. Maandiko yake yakachukuliwa hadi Ulaya, yakatikisa mioyo ya watu, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa. Hapo kalamu ilifanya kazi yake: mtu alisema alichokiona.

Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akihubiri dhidi ya utumwa. Alilolisema lilikuwa kweli. Watoto wa Maniema walikuwa wakifungwa na kuuzwa, na ilikuwa haki Kanisa kupaza sauti. Lakini neno la kweli likisha kutoka kinywani mwa msemaji, mwenye nguvu anaweza kulitia nira kama ng'ombe na kulimia shamba lake. Ndivyo alivyofanya Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Mwaka 1887 alikuwa amemfanya Tippu Tip kuwa liwali wake huko Stanley Falls, akimlipa mshahara. Katika mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 juu ya kukomesha utumwa, Dola yake ilipata ruhusa ya kutoza ushuru wa bidhaa. Na mwaka 1892 ilianza vita na Waarabu ambao jana walikuwa marafiki. Nyangwe ikaanguka Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili 1893 mbele ya jeshi la Francis Dhanis. Kabambare ikafuata mwanzoni mwa 1894.

Askari wengi wa vita ile walikuwa watu wa Gongo Lutete, aliyekuwa kwanza mtu wa Tippu Tip, kisha akageukia upande wa Dola. Mwezi wa Septemba 1893 maofisa wa Dola walimwua kwa shtaka la uhaini. Hizo ndizo shukrani alizopata.

Utumwa wa minyororo ulikwisha, tena tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mahali pengi pa Kongo pakaingia kazi ya nguvu ya mpira, na kijiji kisichotimiza kipimo kiliadhibiwa vikali. Waliofanya hivyo waliendelea kusema kwamba wameleta ukombozi. Hapo tena zikatakiwa kalamu za kweli. Mwairishi Roger Casement alitoa taarifa yake mwaka 1904. Na katika Kanisa letu wenyewe, Padre Arthur Vermeersch, Mjesuiti, mwalimu wa Louvain, aliandika mwaka 1906 kitabu cha kuukosoa utawala ule, wakati magazeti mengine ya Kikatoliki ya Ubelgiji yalikuwa yakimtetea mfalme. Wote walikuwa Wakatoliki, wote wasomi. Wengine waliuliza kwanza, "Mfalme atasemaje?" Yeye aliuliza, "Watu wale wametendwaje?" Mwaka 1908 Dola ya mfalme ilikwisha, na nchi ikawa koloni la Ubelgiji.

Shule, makarani na kadi

Wabelgiji walitawala kwa nguzo tatu: serikali, makampuni na misioni. Mapatano ya 1906 kati ya Papa na Dola yaliwapa wamisionari ardhi kwa ajili ya kufundisha. Basi karibu kila mtu aliyejua kusoma katika nchi ya Kasongo alijifunza kwa mapadre, masista au makatekista. Hatuna budi kusema yote mawili. Bila shule zile tusingekuwa na gazeti hili wala wasomaji wake. Tarehe 21 Julai 1917 Stefano Kaoze, kijana wa upande wa Tanganyika, alipewa upadre huko Baudouinville, padre wa kwanza wa Kongo ya nyakati hizi. Na kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuandika juu ya mawazo ya watu wake yakachapishwa Ulaya. Hilo ni tunda la shule zile. Lakini ni kweli pia kwamba shule ile iliwekewa dari. Serikali ilitaka makarani, wauguzi na mafundi. Haikutaka wanasheria wala wahandisi weusi. Wakati ule ulisikika msemo kwamba pasipo wasomi hapana matata. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu, na uhuru ulipofika mwaka 1960 Wakongo waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakufika hata 30. Mapadre wa Kikongo walikuwa mamia.

Itikadi ya wakati ule ilisema kwamba mtu mweusi ni mtoto, naye Mbelgiji ni baba, na kwamba mtoto atakua polepole. Karani aliyesoma aliitwa evolue, yaani mtu aliyeendelea. Tangu 1948 aliweza kuomba kadi ya sifa njema, na tangu 1952 kuandikishwa kama mtu wa maisha ya Kizungu. Wapelelezi walikuja nyumbani kwake kutazama jinsi anavyokaa na familia yake. Patrice Lumumba, ambaye katika ujana wake alifanya kazi upande wa Kindu, naye aliomba, na mwaka 1954 akaandikishwa. Msomaji atazame jinsi neno lile la zamani lilivyorudi kwa nguo mpya. Pwani walisema mwungwana na mshenzi. Wabelgiji walisema evolue na mwenyeji wa kawaida. Katika siku zote mbili mtu wa kalamu aliambiwa: njoo kwetu, uwaache wale.

Wengine walikataa kuachana na wale. Mwaka 1956, Mbelgiji Van Bilsen alipokwisha kutoa shauri la kuiachia Kongo uhuru baada ya miaka 30, kundi la vijana Wakatoliki wa Léopoldville, walioshauriwa na Padre Joseph Malula, walitoa tangazo lao katika gazeti la Conscience Africaine. Mwezi wa Juni mwaka huo huo maaskofu wa Kongo walitangaza kwamba wenyeji wana haki ya kushiriki katika mambo ya nchi yao. Nguzo moja ya utawala ilianza kusema kwa sauti yake yenyewe.

Mwaka 1964: kalamu ikawa kosa la kifo

Uhuru ulikuja, na matumaini yakavunjika upesi. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, na Maniema ilikuwa imempenda sana. Tarehe 1 Januari 1962, huko Kongolo, kusini ya Kasongo, askari waliwaua wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu. Wakubwa wapya walipanda magari ya Wazungu na kuingia katika nyumba zao, lakini mwalimu wa kijiji alikaa miezi bila mshahara. Watu wakaanza kusema juu ya uhuru wa pili, kwa sababu ule wa kwanza wameula wachache.

Manung'uniko hayo yalikuwa ya haki. Walioyapa umbo la itikadi walikuwa watu wenye elimu: Pierre Mulele, aliyeanzisha maasi ya Kwilu, alikuwa waziri wa elimu katika serikali ya Lumumba. Upande wetu maasi yaliongozwa na Gaston Soumialot. Mwaka 1964 Uvira ilichukuliwa Mei, Albertville Juni, Kasongo na Kindu Julai, Stanleyville Agosti. Vijana waliojiita Simba walinyunyiziwa maji ya dawa, wakaamini kwamba risasi zitageuka maji.

Kisha likatokea jambo ambalo familia nyingi za Maniema hazijalisahau. Simba waliwatafuta watu wa kalamu. Karani, mwalimu, mkuu wa ofisi, mtu mwenye miwani na vitabu, wote walishtakiwa kuwa PNP, jina la chama kilichosemwa kuwa kibaraka wa Wazungu. Neno lile likawa hukumu. Huko Kindu na Stanleyville wengi waliuawa hadharani. Sababu mojawapo ilikuwa hiyo tuliyokwisha kuitaja: kwa miaka mingi msomi alikuwa ameambiwa aachane na wenzake, na wenzake waliona. Viongozi wasomi walikuwa wamewapa vijana neno la kumchukia adui, bila kipimo cha kumjua adui ni nani. Baadaye jeshi la serikali na askari wa kukodiwa waliporudi, Kindu ikitwaliwa tena Novemba 1964, nao waliua watu wasio na hatia. Kijiji kilikimbia mara mbili.

Kanisa nalo lilitoa damu. Tarehe 28 Novemba 1964, huko Baraka na Fizi, waliuawa Mapadre Wasaveri Luigi Carrara na Giovanni Didonè, Bruda Vittorio Faccin, na Padre Albert Joubert, Mkongo, mtoto wa Kapteni Joubert yule aliyewalinda watu wa Tanganyika dhidi ya wateka watumwa. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, walitangazwa kuwa Wenye Heri. Na tarehe 1 Desemba 1964 huko Isiro aliuawa Sista Anuarite, aliyetangazwa Mwenye Heri mwaka 1985. Hao hawakuua kwa ajili ya neno lao. Walikufa kwa ajili yake.

Mgema aliyesifiwa

Tarehe 24 Novemba 1965 Jenerali Mobutu alitwaa utawala. Watu walichoka na vita, wakampokea. Mwezi wa Mei 1967 Ilani ya N'Sele ilitangaza itikadi ya chama chake cha MPR. Wengi wa waliomsaidia kuandika na kutangaza walikuwa vijana kutoka vyuo vikuu. Lakini tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium walipoandamana Kinshasa, askari waliwapiga risasi. Vyuo vikuu vikafanywa kimoja chini ya serikali mwaka 1971. Itikadi ya kurudi katika asili, ambayo ilikuwa na jambo la kweli ndani yake, ikawa fimbo: majina ya Kikristu yakakatazwa, nguo zikaamriwa, nyimbo za sifa zikawa kazi ya kila asubuhi. Mwaka 1974 itikadi ikapewa jina lake mwenyewe, umobutu, na chuo cha chama kikafunguliwa kuifundisha. Waziri mmoja alimlinganisha Rais na Masiha. Wazee walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa waliomsifu mgema walikuwa watu wa digrii, na tembo lililotiwa maji lilinyweshwa nchi nzima.

Mwezi wa Januari 1972, gazeti la Kikatoliki la Afrique chrétienne liliuliza kama kweli asili ya Mwafrika ni kufufua ya zamani tu. Gazeti likafungiwa. Kardinali Malula, yule yule wa 1956, aliyekuwa ametaka siku zote Kanisa la Afrika lenye sura ya Kiafrika, akaitwa adui wa Uafrika, akafukuzwa nyumbani kwake, akakaa Roma miezi kadhaa. Mwisho wa 1974 shule za misioni zikachukuliwa na serikali. Baada ya miaka miwili hivi zilikuwa zimeharibika, na Februari 1977 serikali ikaomba Kanisa lizisimamie tena.

Tutazame pia mfano wa Nguz Karl-i-Bond, mmoja wa watu wenye elimu kubwa wa wakati ule. Alikuwa waziri wa mambo ya nchi za nje. Mwaka 1977 alihukumiwa kufa, akasamehewa. Mwaka 1981 alikimbilia Ulaya, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kikali juu ya Mobutu. Kisha mwaka 1985 akarudi kwa Mobutu, akatumwa kuwa balozi Marekani. Januari 1992, akiwa Waziri Mkuu, alifunga Mkutano Mkuu wa Taifa uliokuwa ukiongozwa na Askofu Mkuu Monsengwo. Tarehe 16 Februari 1992 Wakristu wa Kinshasa waliandamana wakiwa na rozari na matawi wakidai ufunguliwe, na askari wakawaua wengi. Mama aliyeshika rozari siku ile hakuwa na digrii, lakini alijua kilichokuwa kweli kuliko mtu aliyekiandika kitabuni na kukiacha.

Maprofesa na bunduki

Katika milima ya Fizi, karibu na Kabambare, maasi ya 1964 hayakufa yote. Mwaka 1965 Che Guevara alikuja huko na Wakyuba wake tangu Aprili hadi Novemba, akaondoka ameshindwa, akaandika yeye mwenyewe kwamba hiyo ilikuwa habari ya kushindwa. Mwisho wa 1967 Laurent-Désiré Kabila alianzisha huko chama cha PRP. Kulikuwa na vijiji, shule na mafunzo ya siasa juu ya wakulima na mabepari. Kulikuwa pia na biashara ya dhahabu, na mwaka 1975 wafuasi wake waliteka nyara watu wanne, watafiti na wanafunzi, huko Gombe, ng'ambo ya ziwa. Miaka ilipita, mafunzo yakabaki yale yale, na mkulima aliyesemewa hakuulizwa. Askari wa Kabila waliingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997, wakichukuliwa na majeshi ya nchi jirani.

Mwaka 1998 vita vikaanza tena. Agosti mwaka ule huko Goma kiongozi wa RCD alikuwa Ernest Wamba dia Wamba, mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtu aliyeandika kwa miaka mingi kwamba siasa ya Afrika ianze kwa watu wenyewe kukaa na kusemezana. Lakini bunduki za RCD zilikuwa za Rwanda na Uganda. Oktoba 1998 Kindu ikachukuliwa, na Maniema ikaingia katika miaka ya njaa na kukimbia porini. Mwaka 1999 profesa aliondolewa Goma, akahamia Kisangani, na marafiki zake wa Rwanda na Uganda wakapigana mjini humo mara tatu, 1999 na 2000, wakiua raia. Mwenye kalamu alidhani ataiongoza bunduki. Mawazo yake juu ya kusemezana hayakumkinga hata mama mmoja wa Kisangani.

Wala haitoshi kusema kwamba mtawala akiwa msomi mambo yatakuwa mema. Jirani yetu Julius Nyerere, Mkatoliki na mwalimu, alitangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 kwa nia njema, naye hakujitajirisha. Hata hivyo katika miaka ya 1970 watu wengi walihamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa. Alipoondoka madarakani mwaka 1985 aliondoka kwa hiari. Wazo jema linahitaji masikio kama vile linavyohitaji kinywa.

Salamabila, na sisi

Watu wa Salamabila wanaweza kufikiri kwamba hayo yote ni habari za wakubwa. Hebu watazame kwao. Kampuni ya Banro ya Kanada ilianza kutoa dhahabu ya Namoya kibiashara Januari 2016. Wachimbaji wadogo waliona mahali pao panazungushiwa. Kampuni ilisema maendeleo. Kikundi chenye silaha cha Malaika kilisema haki ya watoto wa nchi. Serikali ilisema sheria. Maneno yote matatu ni mazuri. Na chini ya maneno hayo watu walitekwa, magari yakashambuliwa, askari wakapigana kijijini, na Septemba 2019 kampuni ikasimamisha kazi. Mama anayeuza muhogo sokoni hakutunga hata neno moja katika hayo matatu.

Biblia inatuambia habari za mfalme Ahabu, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Alitaka kwenda vitani, akawakusanya manabii 400, wote wakamwambia atashinda. Alibaki mmoja, Mikaya, ambaye mfalme alimchukia kwa kuwa hakumtabiria mema. Mjumbe akamshauri aseme kama wenzake. Mikaya alisema analolisema Mungu, akapigwa kofi, akatiwa gerezani na kupewa mkate kidogo na maji. Mfalme akaenda vitani, akafa.

Tunayo mifano ya karibu pia. Mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018, Wakristu wa Kinshasa walipoandamana kudai uchaguzi ulioahidiwa katika mapatano yaliyosimamiwa na maaskofu, walioitisha maandamano walikuwa kamati ya walei, na ndani yake maprofesa kama Isidore Ndaywel, mwandishi wa historia ya Kongo. Hawakuwa na bunduki, wala hawakuomba za mtu. Walilazimika kujificha, na baadhi ya waandamanaji waliuawa. Uchaguzi ulifanyika Desemba 2018. Mengi yalibishaniwa juu yake, lakini kalamu hazikuwa zimeuzwa.

Baba Mtakatifu Yohane wa XXIII alitufundisha katika barua yake ya Aprili 1963 juu ya amani kwamba mamlaka hutoka kwa Mungu, na kwa sababu hiyo hiyo amri inayovunja haki haina nguvu ya kuifunga dhamiri. Mafundisho haya yanamhusu mtawala, na yanamhusu zaidi yule anayemwandikia mtawala hotuba.

Basi tuwaambie nini watoto tunaowapeleka shuleni? Wakisikia neno zuri, kama uungwana, ukombozi, asili, uhuru wa pili au haki ya wenyeji, wasilikatae kwa haraka, maana mara nyingi lina kweli ndani yake. Waulize nani analilipia, na nani anaumia chini yake, tena wamwulize yule anayeumia mwenyewe. Wakipata kazi ofisini, wasiseme kwamba karani haandiki ila anachoambiwa, kwa sababu hati ya uongo huandikwa na mkono wa mtu. Na wakisoma sana, wasione haya kukaa na wajomba wao barazani. Msomi aliyejitenga na watu wake hununuliwa kwa urahisi na wakubwa, na siku ya ghadhabu huchukiwa kwa urahisi na wadogo. Mwaka 1964 ulituonyesha hivyo.

Na parokia zetu zifanye jambo moja lililo katika uwezo wao. Katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristu wapo bado wazee walioona mwaka 1964, na watu wengi walioona 1998. Mwalimu, katekista au mwanafunzi wa jumuiya achukue daftari, aandike wanayosimulia, na majina ya marehemu, bila kuongeza na bila kupunguza, hata yale yasiyompendeza mtu wa ukoo wake. Watawala wengine watakuja na maneno mengine. Wakute watu wanaojua yaliyopita.